Msikitini Mtalii Ni Mgeni

Wahenga walinena kuwa tembea uone. Mimi ninaongeza kwamba ukitembea, tembea na adabu zako. Katika ukurasa huu wa Chama chetu cha Kiswahili ningependa kutoa maoni yangu juu ya swali lililozua ubishi mkali darasani muhula uliopita. Je, ni sawa mtalii asiye Mwislamu kuzuru msikiti wa kale? Na akizuru, ni haki azuiwe kuingia ndani? Baadhi ya wenzangu walishikilia kwamba kumzuia mtu mlangoni ni ubaguzi mtupu. Wengine wakasema heri watalii wasikaribie kabisa, maana msikiti si soko. Mimi siko upande wa hawa wala wa wale, na sababu ninazo.

Sizungumzi mambo ya kuambiwa. Mnamo Agosti 2024 nilimtembelea shangazi yangu aliyekuwa akimaliza masomo yake katika mji wa Xi'an, nchini Uchina. Watu wengi huenda Xi'an kutazama zile sanamu za askari wa udongo zilizogunduliwa na wakulima mwaka 1974. Sisi pia tulienda kuziona. Lakini kilichonikaa moyoni ni Msikiti Mkuu wa Xi'an. Shangazi ni Mwislamu, mimi ni Mkristo. Kumbukeni hilo kwa sababu ndilo litakaloleta maneno hapo mbele.

Kwanza, mahali penyewe. Kuufikia msikiti unapita kwenye kichochoro chembamba chenye vibanda vya kuuza vitu kwa watalii, pande zote mbili. Mtaa huo ni wa Wahui, yaani Wachina walio Waislamu. Wanaume wengi wanavaa kofia nyeupe, na harufu ya nyama ya kondoo inakufuata kila uendako. Ukiingia langoni kelele zinapungua ghafla. Unakuta miti, mawe yaliyochongwa maandishi, na nyua zinazofuatana moja baada ya nyingine kwa urefu wa takriban mita 250. Hakuna kuba hata moja. Mnara wake hauchongoki kama ile tuliyoizoea, bali ni jengo la pembe nane lenye mapaa yaliyokunjwa ncha kuelekea juu. Mtu asiyejua angedhani ni hekalu la Kichina.

Lakini tazama vizuri. Mahekalu mengi ya Kichina huelekea kusini. Msikiti huu umelazwa kutoka mashariki hadi magharibi, kwa sababu ukiwa Uchina, Makka iko magharibi. Sisi huku Mombasa kibla chetu ni kaskazini. Jiwe moja pale linataja mwaka 742 kuwa ndio wa kuanzishwa kwa msikiti, ingawa majengo yanayoonekana leo chanzo chake ni enzi ya Ming, mwaka 1392, na yamekarabatiwa mara kadhaa tangu hapo. Hebu fikiria! Mwaka 1392 Vasco da Gama alikuwa bado hajazaliwa, sembuse kufika Malindi.

Sasa tuje kwenye mlango wenyewe. Langoni nililipa yuan 25, kama shilingi 450 hivi za kwetu. Shangazi hakulipa kitu kwa sababu Mwislamu anayeingia kusali hatozwi. Tulizunguka nyua zote pamoja. Tulipofika kwenye ukumbi wa sala, shangazi akaingia na mimi nikabaki nje. Ukumbi huo unaweza kuchukua watu wapatao 1,000, na ndani kuna mbao zipatazo 600 zilizochongwa aya za Kurani, kwa Kiarabu na kwa Kichina. Mimi niliona kidogo tu kutoka mlangoni. Mengine nilisimuliwa na shangazi alipotoka.

Niliposimulia haya darasani, rafiki yangu mmoja akaruka, "Sasa wewe ulilipa ukazuiwa, na ambaye hakulipa akaingia! Huo si uonevu?" La hasha. Pesa yangu ilikuwa ya kutembea katika nyua na kutazama, na nilitembea na nikatazama. Shangazi hakwenda kutazama. Alikwenda kuswali. Nyumba ina sebule na ina chumba cha kulala. Mgeni hukaribishwa sebuleni, akaketishwa, akapewa chai, na hakuna mgeni mwenye akili atakayelalamika kwamba hakuonyeshwa kitanda cha mwenye nyumba.

Hapa ndipo ninapotaka tutofautishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kuna msikiti ulio hai na kuna msikiti uliobaki magofu. Chukua mfano wa Gedi, hapa petu, ambapo palitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Msikiti mkuu wa Gedi hauna paa wala waumini. Ukikata tiketi unaingia mpaka kwenye mihrabu, unapiga picha zako, na hakuna unayemkatizia ibada. Msikiti wa Xi'an sivyo. Pale watu wanaswali mara tano kwa siku, na wazee wa mtaa wanaujua kama sisi tunavyojua kanisa la kwetu. Mwenye kuugeuza uwe jumba la makumbusho kwa sababu tu ni wa zamani anawanyang'anya wenyewe kitu wanachokitumia kila siku.

Nao wale wanaosema watalii wasiingie kabisa? Hao pia siwaungi mkono. Mbao hazidumu bila kutunzwa. Vigae huvunjika, rangi hubambuka, mchwa hawajui historia. Mkono mtupu haulambwi, na sioni ubaya wa mtalii kuchangia, mradi pesa hizo zirudi kwenye paa na kuta na waumini wasitozwe. Fauka ya hayo, ziara inafundisha. Mimi nilikuwa nikidhani kwamba Uislamu una sura moja tu, sura ya Uarabuni. Kumbe Wahui wamekuwa Waislamu kwa karne nyingi huku wakiongea Kichina na kujenga kwa mbao na vigae vya Kichina. Je, mababu wa Pwani si walifanya vivyo hivyo? Walijenga misikiti kwa matumbawe na boriti za mikoko, kwa sababu ndivyo vitu walivyokuwa navyo.

Wala si hilo tu linalotuunganisha. Zheng He, yule kiongozi wa merikebu za Kichina zilizofika pwani yetu karne ya 15, alizaliwa katika familia ya Kiislamu huko Yunnan. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa Uchina zawadi ya twiga. Hadi leo ukienda Mambrui utaona kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Kwa hivyo Mkenya anayezuru msikiti wa Uchina hayuko ugenini kabisa. Anatembelea jamaa wa mbali.

Hata hivyo kuna jambo moja linalonitia wasiwasi, na sitalificha. Mtu anaweza kuutazama msikiti wa Xi'an akasema, "Mnaona? Huu ndio mtindo unaofaa, misikiti yote ya Uchina na iwe hivi." Mwaka 2018, katika mji wa Weizhou, waumini walikusanyika kupinga kubomolewa kwa msikiti wao mpya mkubwa. Baadaye kuba zake ziliondolewa na kuwekwa mapaa ya Kichina. Maoni yangu ni kwamba urembo wa Xi'an unatokana na watu waliojenga walivyopenda wao wenyewe. Ukiwalazimisha watu wengine wajenge hivyo, umeiga mapaa lakini umeacha ule uhuru. Mtalii anayesifu jengo bila kuuliza habari za wanaoswali ndani yake ametazama nusu tu.

Basi mtalii afanye nini? Kwanza, asome kidogo kabla ya kwenda. Nilimwona kiongozi mmoja wa watalii akipayuka kwa kipaza sauti, kundi zima likimfuata mbio mbio, na sidhani kama kuna aliyetoka na jambo la kukumbuka. Pili, avae nguo za heshima. Kaptura ni ya ufuoni. Tatu, asimpige picha mtu anayetawadha au anayeswali. Ati "lakini inapendeza"? Wewe ukipiga magoti kanisani ungependa mgeni akusimamie na simu usoni? Nne, akiambiwa "hapa ndio mwisho," asimame hapo bila kununa.

Haya yote yanatuhusu sisi pia. Sisi wa Pwani ni wenyeji wa watalii kila mwaka, na tunajua uchungu wa kumwona mgeni akipita mitaani karibu na misikiti amevaa kana kwamba yuko ndani ya maji. Tunanung'unika. Lakini sisi tukienda kwa wenzetu tunakuwaje? Chama chetu kinapanga ziara ya misikiti ya kale Mji wa Kale, na tayari wapo wanachama wanaosema kwamba kama hawataruhusiwa kuingia mpaka ndani, hawaoni haja ya kwenda. Ninawasihi wabadili nia. Mlezi wetu amekwisha kusema kwamba tutaomba ruhusa kwa wazee wa kila msikiti kabla ya kwenda, na tutafuata watakavyosema. Mimi naunga mkono mpango huo kwa mikono miwili. Ninapendekeza pia kwamba wenzetu Waislamu katika chama ndio watueleze tunachokiona, badala ya kutafuta kiongozi wa kulipwa. Wao wana mengi ya kutueleza, na tumekaa nao madarasani miaka mitatu bila kuwauliza.

Wapo watakaosema mimi ni kijana wa kidato cha tatu, najifanya kujua. Sawa, na waandike majibu. Kurasa za gazeti hili ziko wazi, na ubishi wa kalamu haumuumizi mtu. Ila atakayejibu anijibu hili kwanza: kama mwenyeji hana haki ya kufunga chumba kimoja katika nyumba yake, je, hiyo bado ni nyumba yake?

Orodha ya wanaokwenda Mji wa Kale iko kwa katibu, na jina langu ni la pili.