Kupunguza uzito: Je, kalori ulizochoma mazoezini zirudishwe mezani?

Mzazi wa Tanga anayetaka kupunguza uzito halazimiki kulipia gym. Akiamka mapema, barabara ya kuelekea Raskazone ina upepo wa bahari, na mwenzake wa Pangani ana ufukwe mrefu wa kutembea. Tatizo huanza anaporudi nyumbani. Simu imemwandikia kwamba ametumia kalori 300, mezani kuna maandazi na mbaazi za nazi, na swali linakuja lenyewe: kama amezichoma, si ana haki ya kuzila?

Swali hilo si dogo. Wapo wanaotembea miezi miwili bila mizani kushuka, wakakata tamaa na kuacha mazoezi kabisa. Wapo pia wanaofanya kinyume: wanatembea, kisha wanajinyima chakula mpaka wanapata kizunguzungu. Wote wamekwama kwenye hesabu ileile.

Namba ya kwenye simu

Chukua mfano wa mama mwenye kilo 80 anayetembea saa moja kwa mwendo wa haraka kiasi. Mwili wake hutumia takriban kalori 280. Lakini kama 80 kati ya hizo angezitumia hata kama angekaa barazani akichambua mchicha, kwa sababu moyo, mapafu na ubongo havipumziki. Alichoongeza kwa kutembea ni kalori 200 hivi. Programu za simu mara nyingi huonyesha ile namba kubwa.

Vifaa vyenyewe navyo hukosea. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizipima saa saba za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo na kalori. Kwenye mapigo ya moyo, sita kati yake zilifanya vizuri. Kwenye kalori, hakuna hata moja iliyopatia. Iliyokaribia zaidi ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na iliyokosea zaidi ilifikia asilimia 93.

Mtego mwingine uko mwanzoni, pale programu inapouliza kazi za kila siku za mtumiaji. Aliyejibu kwamba yeye ni mtu wa mazoezi ameshapewa kiwango kikubwa cha chakula. Akiongeza tena kalori za kila matembezi, amehesabu mara mbili.

Hesabu ya mezani

Andazi moja la ukubwa wa kawaida hukadiriwa kuwa na kalori 150 hadi 200, kutegemea mafuta liliyonyonya. Maandazi mawili, bakuli dogo la mbaazi za nazi na chai yenye vijiko vitatu vya sukari yanaweza kupita kalori 500. Matembezi ya saa nzima yamelipwa zaidi ya mara mbili, na mlaji anaamini amelipa nusu.

Mapishi ya pwani yana siri hiyo. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, na kikombe cha tui zito kinaweza kuzidi 400. Vyote huyeyuka kwenye sufuria na jicho haliwezi kuvipima.

Funzo la Wahadza

Ushahidi unaotajwa sana duniani kuhusu jambo hili ulitoka Tanzania hii hii, mbali na bahari, karibu na Ziwa Eyasi. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti wa nishati inayotumiwa na Wahadza, jamii inayoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Wanaume wao walikuwa wakitembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia kwa siku nzima haikutofautiana na ya watu wa nchi tajiri wanaokaa zaidi. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili uliozoea kutembea hubana matumizi yake mahali pengine. Wanasayansi bado wanajadili ni kwa kiasi gani, lakini kwa mzazi wa Tanga ujumbe ni mmoja: kalori 200 za asubuhi huenda zisibaki 200 hadi jioni.

Nani ale, nani asile

Kwa hiyo, mtu mzima mwenye afya anayetembea au kukimbia polepole kwa dakika 30 hadi 60 hana sababu ya kuzirudisha kalori hizo. Ale milo yake ya kawaida. Akisikia njaa ya kweli, chungwa la Muheza au maji ya dafu yanatosha. Kila kimoja kwa kawaida hakifiki kalori 100.

Aliyefanya mazoezi mazito kwa zaidi ya saa moja na nusu anahitaji kuongeza kidogo. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kutozidi nusu ya namba ya simu, na chakula chenyewe kiwe cha kujenga mwili kama samaki, mayai au maharage.

Hesabu hii haiwahusu wote. Mjamzito hapaswi kujipunguza bila ushauri wa kliniki. Anayenyonyesha anahitaji nyongeza ya kalori 300 hadi 500 kila siku, atembee asitembee. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kushukiwa na sukari baada ya mazoezi, hivyo akubaliane na daktari wake lini ale na kiasi gani. Mvuvi au mbeba mizigo naye ni mtu wa kazi nzito. Asipewe sahani ya mtu wa ofisini.

Mizani ndiyo shahidi

Badala ya kuigombania namba ya simu, mzazi ajipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula. Uzito ukishuka nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, mambo yanakwenda vizuri. Usiposhuka kwa wiki tatu au nne, apunguze mafuta, sukari na tui kabla ya kulaumu miguu. Ukishuka kwa kasi huku anachoka na kupata kizunguzungu, aongeze chakula na aende kituo cha afya.

Hata mizani ikigoma, asiache kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na faida yake kwa shinikizo la damu, sukari na usingizi huja hata kabla ya kilo kupungua.

Mwisho, watoto wanasikia. Mama anayesema "leo nimekimbia, nastahili chipsi" anawafundisha kwamba chakula ni mshahara na mazoezi ni adhabu. Wakiona wazazi wanatembea kwa sababu mwili unataka kutembea, na wanakula kwa sababu wana njaa, watakua na mazoea hayo bila kufundishwa kuhesabu kalori.