Mtihani wa Methali si Kipimo cha Akili

Muulize mwanafunzi mwenye usonji maana ya "mtaka cha mvunguni sharti ainame". Huenda akakujibu: kitu kikiwa chini ya kitanda, inama ukichukue. Mwalimu anapiga mkasi kwa wino mwekundu, na kwenye ripoti inaandikwa "uelewa duni". Hebu tuambizane ukweli, kakosea wapi? Maneno kayasoma, picha kaiona. Kilichomshinda ni kuruka kutoka kitandani hadi kwenye maisha, na huo ni ujuzi mmoja tu, si akili nzima.

Shule nyingi huchagua kipimo kwa sababu kimo kabatini, si kwa sababu kinapima kinachotafutwa. Mwaka 2007 Michelle Dawson, mtafiti ambaye mwenyewe ana usonji, pamoja na wenzake huko Montreal, Kanada, walichapisha matokeo ya watoto 38 wenye usonji waliopewa vipimo viwili vya akili. Cha Wechsler kinadai maelezo mengi ya mdomo. Cha Raven kinaonyesha mchoro wenye pengo, mtoto achague kipande cha kuliziba. Watoto walewale, akili ileile. Lakini ukiwapanga katika foleni ya watoto 100 wa rika lao, Raven iliwasogeza mbele nafasi 30 hivi kwa wastani.

Msikimbilie kusema Raven ndiyo dawa. Haiwezi kukwambia kama mtoto anaelewa hadithi, anaweza kuvaa mwenyewe au kuagiza chai. Kila swali lina kipimo chake. Unataka kujua kama kaelewa hadithi? Mpe picha za matukio azipange, mwache aandike badala ya kusema, mwongezee muda. Unataka kujua maisha yake ya kila siku? Kaa na mama yake, mtazame nyumbani, si dakika arobaini tu mbele ya mgeni. Unataka kupima methali? Pima, ila matokeo yaite methali, usiyaite akili.

Najua mtasema, eti huo ni upendeleo. Upendeleo gani? Mwenye macho mabovu akivaa miwani, mbona hatusemi kaibia mtihani? Na karatasi ile si mchezo: inaweza kuamua mtoto akae darasa gani, afundishwe nini, na kama kuna atakayejisumbua kumpa kitabu tena.

Cha mvunguni kipo. Anayetakiwa kuinama ni mtahini.