Baraza ya Nyumbani: Motokaa Nayo Hula

Juma hili tuzungumze juu ya jambo linaloleta mabishano katika nyumba nyingi: kununua motokaa. Sisemi lori wala basi. Nasema zile motokaa fupi zilizoinuka, ambazo mnaziona zikipanda milima ya Kibosho na Mbinga, na kupita katika tope la Karagwe wakati wa masika: Toyota RAV4, Suzuki Escudo, Nissan X-Trail na wenzao.

Mwalimu akistaafu na kupata kiinua mgongo, au kahawa ikipata bei nzuri, au watoto walio mjini wakichanga fedha, wazo la kwanza ni hilo. Baba anataka motokaa. Mama anataka bati jipya, au ng'ombe wa maziwa. Nani ana haki?

Mimi sitaamua shauri la nyumba ya mtu. Lakini nimewasikiliza wenye motokaa hizo, wa milimani na wa bondeni, waliofurahi na waliojuta, na maneno yao yanakutana mahali pamoja: bei ya kununulia ni mlango tu, nyumba yenyewe ni matunzo. Ng'ombe hula kila siku hata asipokamwa. Motokaa nayo hula.

NI MOTOKAA YA NAMNA GANI?

Tangu mwaka 1948 watu wa mashamba waliijua Land Rover, yenye fremu nene ya chuma chini, na bodi imefungwa juu yake. Ni ngumu, ni nzito, tena hunywa sana. Mwaka 1994 kiwanda cha Toyota kilitoa RAV4 huko Japani. Hii haikuwa na fremu ya namna ile. Bodi yake iliundwa kipande kimoja kama ya motokaa ndogo ya mjini, lakini ikainuliwa juu, na magurudumu yote manne yakapewa nguvu. Injini yake ilikuwa ya lita 2 tu. Honda walifuata na CR-V mwaka 1995, na Nissan wakatoa X-Trail mwaka 2000. Suzuki Escudo ilikuwa imetangulia tangu mwaka 1988, na zile za kwanza zilikuwa bado na fremu chini.

Nimeeleza hayo kwa sababu kimo cha motokaa hizi huwadanganya watu. Mtu akiona tumbo lake liko karibu sentimeta 20 juu ya ardhi, huiita mdogo wake Land Rover. Sivyo. Ni motokaa ya abiria iliyovaa viatu virefu. Ukiitumia kama motokaa ya abiria katika njia mbaya, itakushukuru kwa miaka mingi. Ukiitumia kama lori, itakufa mapema, pengine pamoja na watu.

IMETOKA WAPI?

Nyingi ya hizi tunazonunua zilitumika kwanza Japani. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wake uko mahali petu. Tena huko sheria inadai motokaa ndogo mpya ikaguliwe baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo ni ghali. Watu wengi huona heri kuuza na kununua nyingine. Basi motokaa iliyouzwa si lazima iwe mbovu.

Lakini bei unayoonyeshwa katika picha kwenye simu siyo bei utakayolipa. Kuna nauli ya meli, kuna bandari, kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kuna ushuru wa bidhaa, kuna kodi ya ongezeko la thamani. Kenya hawapokei motokaa iliyopita miaka minane. Tanzania hupokea, lakini motokaa iliyozeeka hutozwa zaidi. Wako watu waliotuma fedha Japani kwa furaha, kisha motokaa ikalala bandarini Dar es Salaam wakitafuta fedha za kodi, na kila siku ya kulala ikaongeza gharama. Fanya hesabu ya kodi kwanza. Mamlaka ya Mapato huonyesha hesabu hiyo bure kabla hujatuma hata senti moja.

Ikifika nyumbani, watoto watacheka, maana huwasha na kusikia sauti ya mwanamke akisema Kijapani. Redio nayo hushika stesheni chache tu, kwa sababu masafa ya Japani huanzia 76 na nyingi za zamani huishia 90, na yetu huanzia 88 mpaka 108. Haikuharibika. Fundi wa redio ana kifaa kidogo cha kuirekebisha.

TAZAMA KABLA YA KUTOA FEDHA

Ukinunua kwa mtu hapa nchini, usinunue jioni, wala usinunue baada ya mvua, maana giza na maji huficha mengi. Nenda na fundi wako, siyo fundi wa muuzaji. Tazameni mambo haya.

Kwanza, lala chini uone tumbo lake. Sehemu za kaskazini za Japani hunyesha theluji, na barabara humwagiwa chumvi ili theluji iyeyuke. Chumvi hula chuma. Juu rangi yang'aa, chini kumeoza.

Pili, hakikisha ni ya magurudumu manne kweli. Ziko RAV4, hasa za lita 1.8 zilizoanza mwaka 2000, ambazo huvuta kwa magurudumu ya mbele tu. Chungulia nyuma. Kama hakuna propela shafti inayokwenda kwenye difu ya nyuma, hiyo haitakutoa katika tope, hata muuzaji aape namna gani.

Tatu, uliza injini. Zile za kwanza za lita 2 zina mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilometa 100,000. Za baadaye zina mnyororo. Lakini baadhi ya hizo za baadaye zimeandikwa D-4 juu ya injini. Hizo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa nguvu kubwa. Zataka petroli safi, hujaza masizi, na pampu yake ni ghali. Mafundi wengi wa vijijini hawaipendi kazi hiyo. Nazo za lita 2.4, zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2005, nyingine hula oili. Mwenye motokaa hiyo hana budi kupima oili kila juma, asingoje taa nyekundu.

Nne, soma matairi. Ubavuni pana tarakimu nne. Ukiona 2319, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini la miaka kumi ni tairi la zamani, na jua limekwisha lipasua ndani.

CHAKULA CHAKE

Sasa tufike kwenye sahani. Wenye RAV4 wengi husema lita moja ya petroli huwapeleka karibu kilometa 10 katika njia nzuri, na pungufu ya hapo milimani au katika tope. Tuchukue hiyo 10, tupate hesabu nyepesi.

Tuseme toka kwako mpaka mjini ni kilometa 40. Kwenda na kurudi ni 80, yaani lita 8. Ukienda mara mbili kwa juma ni lita 16. Kwa mwaka mzima wa majuma 52 ni lita 832. Chukua bei ya petroli ya kwenu leo, uizidishe kwa 832, uandike jibu katika daftari. Kisha mwonyeshe mama wa nyumba.

Hiyo ni petroli peke yake. Kwa safari hizo motokaa itakwenda kilometa 8,320 kwa mwaka. Kama wamwaga oili kila kilometa 5,000, utaibadilisha mara moja au mbili. Bima ni lazima kwa sheria. Njia zetu za mawe humaliza bushi na shokapu, na vumbi huziba chujio cha hewa, ambalo likiziba motokaa hukosa nguvu. Matairi manne nayo yawe ya kipimo kimoja na yachakae pamoja. Ukifunga mapya mbele na yaliyokwisha nyuma, magurudumu huzunguka kwa kasi zisizolingana, na vyuma vya kugawa nguvu huumia. Mtu hudhani amebana fedha, kumbe ametupa difu.

Sifa moja ya motokaa hizi ni hii: vipuri vyake vyapatikana, na mafundi wanazijua. Basi usiende kununua jina geni kwa sababu ya bei ndogo. Motokaa ya bei ndogo isiyo na vipuri ni banda la kuku.

NJIANI

Magurudumu manne husaidia kuondoka, hayasaidii kusimama. Neno hili lingefaa kuandikwa juu ya kila usukani. Katika utelezi motokaa yapanda vizuri, dereva hujisifu, na ikishuka upande wa pili breki hushika magurudumu nayo huteleza kama yale ya motokaa nyingine. Teremka kwa gia ndogo tangu juu. Yenye gia za otomatiki nayo ina 2 na L kwa kazi hiyo.

Tena, kitu kirefu chembamba huanguka upesi kuliko kifupi kipana. Motokaa iliyoinuka, ikikatwa kona kwa mwendo mkali, yaweza kupinduka mahali ambapo ya chini ingeteleza tu. Ukiweka magunia juu ya paa waongeza hatari hiyo kwa mikono yako. Na mto uliofurika usiujaribu. Injini ikivuta maji badala ya hewa, huvunjika ndani mara moja. Ngoja. Maji ya mvua hupungua, bali maiti hairudi.

MOTOKAA MOJA, KIJIJI KIZIMA

Kwa mtu wa mjini motokaa ni ya nyumba yake. Kijijini sivyo. Siku ile inapoingia uani, kila mtu ameiona.

Saa nane ya usiku hodi yabishwa. "Mwalimu, samahani kwa kukuamsha. Mama Maria ameshikwa na uchungu, na mkunga asema hapa hapafai." Je, utasema nini? Hakuna mtu mwenye moyo atakayejibu kwamba petroli imekwisha. Lakini kama imekwisha kweli, mama yule ataumia. Kwa hiyo mzee mmoja mwenye Escudo amejiwekea sheria, nami naiona njema: tangi halishuki chini ya nusu. Hiyo nusu ya chini, asema, si yangu, ni ya wagonjwa. Tena amemfundisha mkewe kuendesha, naye akapata leseni, maana mgonjwa haangalii kama baba yupo.

Lakini wema una mipaka yake. Motokaa hii ina viti vitano. Watu wazima watano ni kama kilo 375. Ongeza gunia moja la mahindi, tayari umefika ukingoni. Siku ya arusi au ya mazishi wataingia tisa, na watoto wapakatwe mbele. Jamaa watakuita mwenye kiburi ukikataa. Kataa. Mtoto aliyepakatwa mbele ndiye anayetangulia kugonga kioo, na mikono ya mama haiwezi kumzuia. Nenda safari mbili. Lawama ya leo yapona kabla ya kesho kutwa. Kaburi la mtoto halisahauliki.

Na jambo la nauli lieleweke. Motokaa ya binafsi haina leseni ya LATRA ya kuchukua abiria, na bima yake haikuandikwa kwa abiria wa kulipa. Mtu akidhani motokaa itajilisha kwa kubeba watu siku za mnada, akumbuke kwamba siku ya ajali kampuni ya bima itauliza swali hilo kwanza.

SHAURI LANGU

Baba na mama, kaeni pamoja jioni moja na daftari. Andikeni petroli, oili, bima, matairi, fundi, na safari za wagonjwa ambazo hakuna atakayezilipa. Kisha andikeni fedha zinazoingia nyumbani mwezi hata mwezi, siyo fedha za siku ya mavuno. Kama baada ya kununua hazitabaki fedha za kuitunza mwaka mmoja, bado hamjawa na fedha za kununua. Nimeona RAV4 imekaa juu ya matofali, kuku wanataga ndani yake, na shamba lililouzwa kwa ajili yake lapaliliwa na mtu mwingine.

Bali kama hesabu imetimia, nunueni bila hofu. Nimeona pia motokaa ya namna hiyo hiyo, ya umri wa miaka zaidi ya ishirini, ikipeleka maziwa mjini alfajiri na kurudi na dawa za mifugo, na watoto wa nyumba ile wanaiosha Jumamosi kama wanavyomkoga ndama. Yule mama aliyetaka bati alilipata pia, maana maziwa yalifika sokoni kabla hayajaganda.

Haya, wasomaji wangu, daftari kwanza, ufunguo baadaye. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.