Mia na Tisa Yetu ya Soweto



Mwezi huu tuzungumze juu ya gari. Msishangae. Yako magari yanayokuwa kama ndugu wa nyumbani, na kwetu Soweto, Mbeya, lilikuwa Land Rover "mia na tisa". Jina hilo latokana na inchi 109 zilizopo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948. Baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza, hivyo bodi ikaundwa kwa alumini. Ndiyo maana hata za zamani sana bado zinatembea.

Asubuhi za Julai, baridi ilipouma, tulivuta choki na kungoja ingurume. Usukani ulikuwa mzito, upepo ukipenya milangoni, na redio haikuwepo, tuliimba wenyewe. Tulipokwenda Umalila kufuata viazi tukakuta tope, tulikandamiza kirungu cha njano, magurudumu yote manne yakavuta. Mlima ukizidi, tulivuta kile chekundu, gari likapanda taratibu kama ng'ombe wa jembe.

Lakini baba wa nyumba alikuwa mtu wa safari, na uchungu wa uzazi haumngoji dereva. Kwa hiyo akina mama watatu wa mtaa tulijifunza kuendesha, tukapata leseni. Waliotucheka ndio waliokuja kugonga dirisha usiku, mke wa mmoja wao akitoka damu. Tulimlaza nyuma kwa ubavu wa kushoto, mwenzetu akamshika, tukaenda polepole penye mashimo hadi Hospitali ya Wazazi Meta. Siku chache baadaye tuliwarudisha nyumbani, mama na mtoto.

Nasi twawaomba mfanye haya mapema, mimba ikiwa bado changa:
- Chagueni kituo cha kujifungulia.
- Wekeni akiba ya nauli.
- Fahamuni dereva wawili wa kuitwa usiku.
- Damu, degedege, au kichwa kuuma sana: msingoje kukuche.

Na kama gari lipo nyumbani, mama, mwambie mzee wako akufundishe. Land Rover za umbo lile ziliacha kutengenezwa Uingereza Januari 2016, na yetu tuliiuza. Kuendesha hatujasahau, na bado tunagongewa dirisha.

Tukutane mwezi ujao.