Matokeo ya Stockholm na Walionyimwa Pasi

Wapo wenzetu matawini wanaosema kwamba michezo na siasa ni vitu viwili mbali mbali, na kwamba gazeti la chama likitaja mchezo litaje aliyeshinda na aliyeshindwa, basi. Sisi tunawajibu kwa mchezo ambao wengi huudharau, mpira wa meza, ule wa kibao na wavu mfupi, unaodhaniwa kuwa ni wa kupitisha jioni tu.

Tazameni matokeo ya mashindano ya dunia yaliyochezwa Stockholm, Sweden, mwezi Machi 1957. Ubingwa ulikuwa wa namna saba, na Wajapani walichukua tano. Timu yao ya wanaume ilishinda, na ya wanawake ikashinda. Toshiaki Tanaka alimshinda Mjapani mwenzake Ichiro Ogimura akawa bingwa wa wanaume. Fujie Eguchi akawa bingwa wa wanawake, kisha akaungana na Ogimura wakachukua ule wa mwanamume na mwanamke. Mbili zilizobaki zilikwenda Chekoslovakia na Hungaria. Uingereza, ambako mashindano haya yalianza mwaka 1926, haikupata hata moja. Ann Haydon wao alifika fainali akarudi mikono mitupu. Wengi walifurahi kuona Waasia wakiwatoa jasho Wazungu, nasi hatuwalaumu, ingawa hatusahau kwamba Japani nayo ilikuwa beberu huko Korea na China.

Lakini habari kubwa ya Stockholm haikuwa ya mabingwa. Miongoni mwa waliofika ilikuwako timu ya Afrika Kusini, nayo haikuwa ya Makaburu. Ilitumwa na chama kisichobagua rangi. Mwaka uliotangulia, 1956, Shirikisho la Dunia la mpira wa meza lilikuwa limekwisha kata shauri: chama cha Wazungu peke yao kiliondolewa, na kile kisichobagua kikatambuliwa kuwa ndicho chenye haki ya kuchukua jina la nchi. Hesabuni miaka. FIFA iliisimamisha Afrika Kusini mwaka 1961. Wakubwa wa Olimpiki waliizuia isiende Tokyo mwaka 1964, na kuifukuza kabisa wakaifukuza mwaka 1970. Wenye vibao vidogo walitangulia wote!

Rais wa Shirikisho wakati huo alikuwa Mwingereza, Ivor Montagu, mtoto wa lodi aliyegeuka Mkomunisti. Tunalitaja hili makusudi, maana adui zetu hupenda kusema kwamba sisi tunachukia Wazungu. Tunachochukia ni ubaguzi, na Mzungu akiupinga tunamtaja kwa jina lake.

Sasa, nani aliyeleta siasa katika mchezo? Mwezi Juni 1956 Waziri wa Mambo ya Ndani wa Makaburu, Bwana Dönges, alitangaza kwamba Wazungu na wasio Wazungu wasicheze pamoja ndani ya nchi, na kwamba asiye Mzungu akitaka kutambuliwa nje apitie katika chama cha Wazungu. Huyo ndiye aliyeivusha siasa mlangoni. Wachezaji walitaka meza na mpinzani, hawakutaka zaidi. Mwaka 1959 serikali yake ikakaza kamba: Mwafrika, Mhindi au Chotara asiende kucheza nchi za nje ila chini ya Wazungu. Waliokataa walinyimwa pasi za kusafiria.

Hebu fikirini hali yao. Ni vijana waliokwisha onja heshima ya kusimama mbele ya dunia kwa jina la nchi yao. Wakaambiwa wapige magoti kidogo tu, kisha watapanda ndege. Hawakupiga. Umri wa mchezaji ni mfupi, na waliobaki nyumbani mwaka ule walijua kwamba huenda siku yao haitarudi tena. Mwaka huo huo, huko Dortmund, Ujerumani, Rong Guotuan alimshinda Ferenc Sido wa Hungaria akaipatia China ubingwa wake wa kwanza wa dunia katika mchezo wowote, na jina lake linakumbukwa mpaka leo. Lakini ni nani anayejua majina ya wale walionyimwa pasi? Katika orodha ya matokeo hawana hata tarakimu moja.

Sisi wa nchi hii tunaijua bei hiyo, kwa kuwa tumeilipa. Mwaka 1976 Tanzania ilikataa kwenda Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya ragbi kwa Makaburu. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, hakukimbia, na medali ya dhahabu ikachukuliwa na John Walker wa New Zealand hiyo hiyo. Liliuma. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba tulimwonea kijana wetu. Sisi twasema waliomwonea ni wale waliokwenda kucheza na wabaguzi.

Ubaguzi ule wa sheria ulikwisha, na mwaka 1994 Waafrika wa kusini walipiga kura. Lakini amri ya mwaka 1956 ilikuwa na swali ambalo halikufa na Makaburu: chama kinachotumia jina la nchi kinamfungulia nani mlango? Tuliposoma chuo cha ualimu meza ilikuwa moja, ikakaa katika chumba cha walimu, na ufunguo tuliuona kwa mbali. Hakuna aliyesema ni ubaguzi. Ilikuwa desturi tu.

Kwa hiyo tawi lolote linaloomba fedha za kununua meza kwa ajili ya Umoja wa Vijana lieleze katika barua yake meza itakaa wapi, ufunguo atashika nani, na wasichana watacheza siku zipi. Barua zipelekwe kwa katibu wa wilaya.