Nyimbo Zisizikwe Mara Mbili

Kusahau ni desturi ya wanadamu, wala si kila kusahau ni kosa. Mtu asiyeweza kusahau maumivu ya jana hawezi kulima shamba la leo. Lakini iko tofauti kubwa baina ya kitu kilichosahauliwa kwa sababu hakikuwa na thamani, na kitu kilichosahauliwa kwa sababu wenyewe hawakukitunza. Cha kwanza ni makapi. Upepo umeyapeperusha kwa haki. Cha pili ni nafaka iliyorukia nje ya kinu. Kuiacha ikanyagwe ni uvivu, na kumwambia mwenye njaa kuwa haikuwa nafaka ni uwongo.

Msomaji, uwongo wa namna hiyo husemwa kila siku juu ya santuri za zamani. Wametokea watu katika miaka yetu wanaozitafuta santuri zilizosahauliwa, za waimbaji waliosahauliwa, wakazisafisha na kuzitoa upya. Mara watajwapo, husikika sauti ya dharau: "Kama nyimbo hizo zilikuwa nzuri, mbona zilisahauliwa?" Swali hili lina sura ya hekima. Nakusudia kuonyesha kuwa ni sura tu, na kuwa sisi wa Magarini, pamoja na ndugu zetu wa Malindi na Kilifi, tungepaswa kuwa wa mwisho kuliuliza.

Tuanze na kitu chenyewe. Santuri ni sahani nyeusi yenye mfuo mmoja mwembamba, uzungukao toka ukingoni mpaka karibu na kati. Sauti imechorwa katika kuta za mfuo huo. Sindano ipitapo ndani yake hutikisika, na mtikisiko huo hugeuzwa kuwa sauti tena. Santuri za kale, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilifanywa kwa utomvu wa wadudu, nazo zilivunjika kama vigae. Zilizofuata, za mizunguko 45, zilikuwa za plastiki, aghalabu wimbo mmoja kila upande. Hizo hazikuvunjika upesi, lakini jua lilizipinda na mchanga ulizikwaruza, na kila sindano butu iliyopita ilikula sehemu ya sauti. Basi santuri ni kitu kinachokufa kwa kutumiwa; iliyopendwa sana huharibika mapema kuliko iliyodharauliwa.

Tena santuri hazikuwa zikifanywa Malindi wala Mambrui. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari toka Unguja mpaka Bombay ili sauti yake inaswe na kampuni ya His Master's Voice. Baadaye Nairobi ilipata kiwanda, na Mombasa ilipata wafanyabiashara kama Assanand & Sons, wenye chapa ya Mzuri, walionasa nyimbo za taarabu ya pwani. Walikuwako pia wanamuziki waliojitegemea, waliotoa santuri kwa chapa zao wenyewe. Joseph Kamaru, mwimbaji mkubwa wa Kikikuyu aliyefariki mwaka 2018, alikuwa na chapa na duka lake Nairobi, jina lake City Sounds. Mtu aliyejitegemea hivyo hakuwa na ghala kubwa wala makarani wa kumtunzia hesabu. Nakala zake chache zilipokwisha kuuzwa, kumbukumbu yake ilibaki katika sanduku la mnunuzi, chini ya khanga na vyeti vya zamani.

Haya, turudi kwa mwenye dharau na swali lake. Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924, alipiga gitaa na kuimba Kiswahili kitamu kisichohitaji sifa yangu. Wakati wa vita kuu ya pili aliwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki huko Burma, na baada ya vita santuri zake zilichezwa mijini na vijijini. Kisha zikaja ala mpya na mitindo mipya, na santuri zake zikatoweka madukani. Mwaka 1994 shirika la RetroAfric la Uingereza lilikusanya nyimbo zake za mwaka 1947 hadi 1956 na kuzitoa upya. Tangu mwaka wa mwisho wa nyimbo hizo mpaka siku ya kutolewa upya ilipita miaka 38. Niambie, je, uzuri wa nyimbo hizo ulikufa mwaka 1956, ukafufuka mwaka 1994? Uzuri ulikuwapo miaka yote 38. Kilichokosekana ni nakala, na mtu wa kujali kuwa nakala hazipo.

Wimbo hupotea kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na uzuri wake. Hupotea kwa kuwa nakala zilikuwa chache. Hupotea kwa kuwa katika miaka ya 1980 kanda zilizonakiliwa kwa wizi ziliua biashara ya santuri. Hupotea kwa kuwa umeimbwa kwa Kigiriama, lugha ambayo wanunuzi wake si wengi kama wa Kiswahili. Soko hupima idadi ya wanunuzi. Halipimi thamani ya maneno. Sikatai kuwa katika santuri za zamani zimo nyimbo hafifu, kama zilivyomo katika nyimbo za leo. Lakini huwezi kuchagua baina ya nzuri na mbaya pasipo kusikia, na huwezi kusikia kilichokwisha kuvunjika.

Wala nchi hii haiwezi kudai kuwa haikujua nguvu ya ngoma. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipowaamsha Wagiriama wapinge amri za Waingereza, alizunguka na ngoma ya kifudu. Watu walivutwa na ngoma, kisha wakasikiliza neno. Mama huyo amezikwa Bungale, humu humu Magarini. Kizazi chake hakikuwa na chombo cha kunasa sauti, kwa hiyo hakilaumiwi. Sisi tuna vyombo mpaka mifukoni. Udhuru wetu ni upi?

Tazama jambo jingine la papa hapa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini mbele ya Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru, kwa sababu siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Kazi yake ilikuwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Tarehe ya safari yake na yote iliyoyavumbua yameandikwa, na mwanafunzi wa nchi yoyote aweza kuyasoma. Mwaka ule ule watu wa Ngomeni, Gongoni na Marafa waliozana, walizikana na kuimbiana. Nani aweza kututajia tarehe ya wimbo mmoja? Sisemi kuwa setilaiti ni jambo dogo. Nasema kuwa mahali palipoandikwa habari za nyota pasingekosa daftari la kuandikia habari za waimbaji.

Hapa hutokea msemaji wa pili, naye si mwenye dharau bali mwenye hasira. Husema: "Hao wanaozitoa upya santuri zetu ni wageni. Wanatuibia." Ni kweli kuwa kazi nyingi ya namna hii imefanywa mbali nasi. Shirika la Buda Musique la Ufaransa, katika mfululizo wake uitwao Zanzibara, lilitoa upya taarabu ya Mombasa ya mwaka 1965 hadi 1975. Shirika la Soundway la Uingereza lilitoa mwaka 2013 mkusanyo uitwao Kenya Special, wa nyimbo za miaka ya 1970 na 1980, zikiwamo za wanamuziki wa pwani. Ni rahisi zaidi kuzipata sahani za namna hiyo London kuliko Gongoni. Jambo hilo linauma, na lastahili kuuma. Lakini hasira isitupofushe. Aliyeokota ushanga jalalani na kuuosha hakuanza yeye kuutupa. Tukimwita mwizi kila aliyeokota, tumwiteje aliyetupa?

Hata hivyo simwachii muokotaji aende zake bila masharti. Ushanga una mwenyewe, na kuuosha si kuumiliki. Anayetoa upya santuri ya mtu mwingine, awe mgeni au mwenyeji, anadaiwa mambo matatu: jina, maana na malipo. Akikosa kuyatoa, hakuufufua wimbo, bali ameuzika mara ya pili. Na kaburi la pili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu limepambwa.

Jina ni deni la kwanza. Wimbo wa "Malaika" umeimbwa duniani kote, na watu wa mataifa wasiojua neno jingine la Kiswahili hulijua hilo. Hata hivyo ubishi juu ya nani hasa aliutunga haujaisha. Ikiwa wimbo mashuhuri kiasi hicho umeingia katika ubishi, wimbo wa mpiga gitaa wa Garashi usio na jina la mtunzi utapata mtetezi gani?

Maana ni deni la pili. Wimbo wa Kigiriama ukitolewa upya pasipo maneno yake kuandikwa na kufasiriwa, msikilizaji wa mbali hubaki na mdundo tu. Hucheza pale alipotakiwa kulia. Twamjua Siti binti Saad kwa sababu santuri zake zilikutana na kalamu: Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Santuri hutunza sauti, na kitabu hutunza habari zake. Kimoja bila kingine ni nusu.

Malipo ni deni la tatu, na hapa sheria haiko kimya. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki iliyo juu ya sauti iliyonaswa hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliponaswa. Lakini haki ya mtunzi juu ya wimbo wenyewe hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Angalia tofauti hiyo kwa makini. Santuri iliyonaswa mwaka 1970 muda wake ulikwisha mwaka 2020. Lakini Fundi Konde alifariki mwaka 2000, basi haki ya nyimbo alizozitunga inafika mwisho wa mwaka 2050. Anayemwambia mjane wa mtunzi kuwa santuri ni ya zamani na haina mwenyewe, amesema nusu ya sheria na kuificha nusu yenye fedha.

Wako watakaosema kuwa madeni hayo matatu hayalipiki na kuwa kazi hii ni kubwa mno kwetu. Mifano inawakanusha. Mjukuu wa Joseph Kamaru, mwenye jina lile lile na ambaye naye ni mwanamuziki, ameshika kazi ya kuzikusanya na kuzitoa upya nyimbo za babu yake. Ketebul Music ya Nairobi ilitoa mwaka 2008 kazi juu ya muziki wa benga, nyimbo zikiwa pamoja na kitabu na filamu. Hao hawakungoja wageni, wala hawakuwatukana. Walifanya.

Wewe kijana usomaye maneno haya huna kiwanda, na pengine huna hata kinanda cha santuri. Lakini unayo kalamu, na unao wazee. Usijidanganye kuwa kila kitu kimo ndani ya simu. Ndani ya simu hamna ila kilichotiwa na mtu. Ukiona santuri katika nyumba ya bibi yako, usiipanguse kwa nguo kavu yenye vumbi, wala usiilaze juani; isimamishe wima, mahali penye kivuli. Kisha keti na bibi umwulize: Nani ameimba? Nani ametunga? Ilikuwa wapi na lini? Neno hili la Kigiriama ambalo silifahamu maana yake nini? Andika majibu pamoja na jina la aliyekujibu. Na akija mnunuzi, wa karibu au wa mbali, usimfukuze. Lakini kabla hajaichukua mwonyeshe hayo uliyoyaandika, umwulize jina litachapwa wapi na fedha atapewa nani.

Kazi hiyo haingoji umalize shule. Santuri moja yaweza kulala sandukuni miaka 40 na ikasafishwa, lakini mzee ajuaye maana ya maneno yake hawezi kungojea hivyo. Likizo ijayo anaweza kuwa hayupo. Mwenye dharau na mwenye hasira waache waendelee kubishana. Wewe nenda ukaulize.