Tuta Peke Yake Halitoshi



Mwezi wa Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika mjini Kilosa. Maji yalibomoa tuta. Maelfu ya watu walihama nyumba zao, wakaishi katika mahema. Reli ya Kati nayo iliharibika.

Mto ukifurika, wengi husema, "Tujengewe tuta, mambo yatakwisha." Mimi sikubali. Tuta ni la lazima, lakini peke yake halitoshi.

Mkondoa unateremka kutoka milimani. Mlima wenye miti hunywa mvua. Maji huingia ardhini, kisha hutoka polepole katika chemchemi, hata wakati wa kiangazi. Mlima uliofyekwa haunywi. Maji hukimbia bondeni siku ileile, yakibeba udongo. Udongo hujaza mto, na mto huacha njia yake. Kiangazi kikifika, chemchemi zimekauka. Akina mama hutembea mbali na ndoo kichwani. Kwa hiyo mafuriko na ukame ni watoto wa mama mmoja.

Wenzetu wa Mikumi wanaufahamu Mto Mkata. Masika hufurika mbugani. Kiangazi wanyama hukusanyika penye madimbwi yaliyobaki.

Tena tumekuwa wengi. Mwaka 1967 Tanzania ilikuwa na watu milioni 12. Mwaka 2022 tulihesabiwa zaidi ya milioni 61. Mito haikuongezeka. Joto la dunia nalo limepanda, na mvua hazina tena majira ya kutegemewa.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri. Lakini anayelima ukingoni si adui yetu. Analima pale kwa sababu pana unyevu, na watoto wake wanataka kula. Tukimfukuza tu, atarudi. Kijiji kimtafutie kwanza shamba jingine, ndipo kimwambie aondoke. Wanaolima milimani nao wachimbe makinga maji na kupanda miti.

Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Basi tuyazuie yangali mlimani.

Tujadiliane:
1. Chemchemi zipi za kijiji chetu zimekauka?
2. Nani analima ukingoni mwa mto, na tutampa shamba wapi?
3. Tutalisema lini jambo hili katika mkutano wa kijiji?